Ngozi, kamba au nyusi? Kuelewa upasuaji wa kope ukifika umri wa makamo

Pwani, binti mwenye jicho la kurembua husifiwa kuwa amekula kungu. Kope imeshuka nusu, mtazamo umelegea, na washairi hawalali. Mpe binti huyohuyo miaka 35 zaidi. Kope ni ileile na imeshuka vilevile, ila sifa zimekwisha. Sasa kila asubuhi anaulizwa swali moja: "Mbona umechoka hivyo, hukulala?"

Shangazi yangu, fundi cherehani wa Tanga, aliulizwa swali hilo kwa miaka. Akizungumza na mteja huinua kidevu, na nyusi huzipandisha mpaka paji lote la uso linajikunja. Wasiomjua walidhani anaringa. Jioni kichwa humuuma mbele, juu ya macho. Humeza panadol, hulala. Alinunua miwani ya kusomea, akaibadilisha, akanunua yenye nguvu zaidi. Miwani ilimsaidia kuona tundu la sindano, lakini kidevu hakikushuka wala kichwa hakikuacha kuuma.

Kilichomchanganya shangazi huwachanganya wengi. Macho huzeeka kwa njia mbili zisizojuana. Njia moja ni ya ndani: kuanzia miaka 40 hivi lenzi hukakamaa na kusoma kwa karibu huwa tabu, na miaka ikizidi lenzi hiyo hiyo huingia ukungu, ndio mtoto wa jicho. Njia ya pili ni ya nje, nayo ni ya kope, nyusi na mafuta yaliyolizunguka jicho. Miwani hainyanyui kope, na upasuaji wa kope haumwondolei mtu miwani. Hapa nazungumzia ya nje tu.

Kiswahili nacho kimetuwekea mtego mdogo. "Kope" ni kile kifuniko kinachofumba jicho, na pia ni zile nywele zake. Humu kope ni kifuniko. Nywele nitaziita nywele za kope.

Pazia la dirishani

Watu wengi humwendea daktari wakiwa na jibu tayari: "Nina ngozi imezidi, nataka ikatwe." Huenda ni kweli. Lakini fikiria pazia lililoziba dirisha. Huenda nguo ni ndefu mno. Huenda nguo ina urefu wake sawa, ila kamba ya kulivuta imelegea. Huenda nguo na kamba ni nzima, na bomba lililoshika pazia ndilo limeshuka ukutani. Aliyesimama uani haoni tofauti, yeye anaona dirisha limezibwa. Fundi lazima aijue, maana akikata nguo ilhali bomba ndilo limeshuka, utabaki na pazia fupi na bomba likiwa palepale chini.

Nguo ni ngozi. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko nyingine yoyote mwilini, haifiki milimita 1, nayo hukunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara kwa siku. Umri ukisogea hupoteza mnyumbuko, hutanuka, kisha hufanya mkunjo unaolalia nywele za kope. Wanawake hugundua mapema kwa sababu ya wanja: unaupaka vizuri asubuhi, ikifika saa nne umeshajipiga chapa juu ya kope. Kwa wanaume dalili ya kwanza mara nyingi huwa barabarani. Mkunjo huwa mzito zaidi upande wa nje, na bodaboda inayochomoza kutoka pembeni huonekana ikiwa imeshafika.

Kamba ni msuli wa kunyanyulia kope. Unaanzia nyuma kabisa ndani ya tundu la jicho na kuishia kwenye kano pana, nyembamba kama karatasi, iliyoshikamana na kope karibu na ukingo wake. Kwa mtu mzima, msuli wenyewe kwa kawaida ni salama. Kano ndiyo imetanuka au imeachia. Umri peke yake unatosha kuilegeza, lakini wapo wanaoiharakisha: wenye kufikicha macho kwa mzio miaka na miaka, waliovaa lenzi ngumu za machoni kwa muda mrefu, na baadhi ya waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ambapo kope hushikiliwa wazi kwa chuma. Kano ikilegea, ukingo wenyewe wa kope hushuka kuifuata mboni. Madaktari huiita tosisi.

Bomba ni nyusi. Nazo hushuka, hasa upande wa nje, zikisukumia ngozi chini kwenye kope. Mwili haukai kimya: msuli wa paji la uso hufanya kazi ya ziada kutwa nzima kunyanyua kilichoshuka. Ndiyo mikunjo ya paji, ndicho kichwa cha jioni, ndicho kidevu cha shangazi.

Kisha kuna kitu cha nne kisichohusu pazia, nacho ni mafuta. Jicho limekaa juu ya mto wa mafuta unaozuiwa na utando mwembamba. Utando ukilegea, mto huchungulia nje. Kope ya juu ina vifuko viwili vya mafuta, ya chini vitatu. Kwa wengi vifuko vya chini ya macho ni urithi zaidi kuliko uchovu. Tazama picha za baba yako alipokuwa na umri ulio nao sasa.

Unaweza kujipima kabla ya kulipa nauli ya kwenda kwa daktari. Simama mbele ya kioo penye mwanga wa dirishani. Fumba macho, legeza paji mpaka mikunjo iishe. Weka vidole juu ya nyusi, uzishike hapo zilipo, kisha fumbua macho bila kuziachia zipande. Huo ndio uso wako bila msaada wa paji, na wengi hushtuka kuuona. Sasa tafuta ukingo wa kope, pale zinapoota nywele. Jicho la kawaida lina milimita 4 hadi 5 kutoka katikati ya mboni hadi ukingo huo. Ikiwa ukingo uko mahali pake ila kuna ngozi imeulalia, tatizo ni nguo. Ikiwa ukingo wenyewe umeikaribia mboni, ni kamba. Mwishoni nyanyua unyusi kidogo kwa kidole. Ngozi yote ikiondoka na jicho likafunguka, bomba lina mkono wake. Toa pia picha ya pasipoti ya miaka 20 iliyopita ulinganishe. Wapo waliozaliwa na kope nzito, na hao hakuna kilichowashukia.

Ukipita miaka 50, mara nyingi utakuta mchanganyiko. Usijilaumu ukishindwa kuutenganisha. Hata madaktari hupima kwa rula.

Kukata nguo

Upasuaji wa kupunguza ngozi ya kope ya juu huitwa blefaroplasti. Jina lilianza kutumiwa mwaka 1818 na Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe, aliyekuwa akitengeneza upya kope zilizoliwa na saratani. Kazi yenyewe ni ya kale zaidi. Takriban miaka elfu moja iliyopita, tabibu wa macho wa Baghdad, Ali ibn Isa, alieleza jinsi ya kuibana ngozi iliyozidi katikati ya vijiti viwili mpaka ikauke na kudondoka yenyewe. Tushukuru kuna sindano ya ganzi.

Leo daktari huchora kwanza, mgonjwa akiwa amekaa wima, kwa sababu akilala ngozi hutawanyika na vipimo hudanganya. Mstari wa chini huwekwa kwenye mkunjo wa asili wa kope, ambao kwa kawaida hauzidi sentimita 1 juu ya nywele, ili kovu lijifiche humo. Kisha ganzi, ngozi hutolewa kipande chenye umbo la jani, damu huzuiwa, nyuzi nyembamba hushonwa. Kope zote mbili huchukua saa moja hivi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Inaonekana rahisi, nadhani ndiyo maana kila mwenye kisu anaitamani. Ugumu uko kwenye kujua cha kuacha. Kanuni waliyofundishwa madaktari ni kwamba kati ya ukingo wa kope na chini ya unyusi ibaki ngozi ya milimita 20 angalau. Ukikata kupita hapo, jicho halifumbi. Mtu hulala macho nusu wazi, kioo cha jicho kinakauka, kinauma, na kikiachwa kinapata vidonda. Ngozi iliyobaki nyingi inaweza kupunguzwa mwakani. Iliyokatwa ikazidi hutafutiwa kiraka, na kiraka cha kope hakiwi kizuri kamwe.

Mafuta nayo yana historia ya aina hiyo. Zamani yaliondolewa kwa ukarimu, na watu wakatoka na macho yaliyozama kama ya mgonjwa. Siku hizi madaktari wengi hugusa kidogo tu, kile kifuko cha karibu na pua, au hawagusi kabisa. Na upande wa nje wa kope ya juu hakuna kifuko cha mafuta; kinachotokeza pale kwa baadhi ya watu ni tezi ya machozi iliyoshuka, na daktari asiyeijua anaweza kuikata akidhani ni mafuta.

Neno moja kwa wanaume. Mkunjo wa kope ya mwanamume kwa kawaida uko chini zaidi na unyusi wake umenyooka. Daktari akiupandisha kwa kipimo cha mwanamke, mzee atatoka na macho ambayo wajukuu hawatayatambua.

Kukaza kamba

Hapa ndipo watu huibiwa bila mwizi kujijua. Mgonjwa ana tosisi, anakatwa ngozi, makovu yanapona vizuri, na kope bado imeifunika mboni. Hakuna aliyekosea kushona. Walirekebisha nguo badala ya kamba.

Kukaza kano ni kazi nyeti kwa sababu inapimwa kwa nusu milimita, tena kwenye kitu kinachotembea. Ndiyo maana kwa mtu mzima hufanywa zaidi kwa sindano ya ganzi kuliko kwa nusu kaputi. Katikati ya upasuaji daktari husimama, mgonjwa huinuliwa akae, huambiwa, "Mama, fumbua macho, tazama mbele," kisha urefu wa kope mbili hulinganishwa kabla fundo halijakazwa. Njia nyingine hupitia ndani ya kope, haiachi kovu nje, na hufupisha msuli mdogo wa pili uitwao wa Müller, ambao huchangia milimita 2 hivi za kunyanyua. Inawafaa wenye tosisi ndogo, na daktari huijaribu kwanza kwa tone la finilefrini, dawa inayouchochea msuli huo: kope ikipanda baada ya dakika chache, njia hiyo ina matumaini.

Kuna jambo la ajabu ambalo mgonjwa anafaa alijue mapema. Ubongo hupeleka amri moja kwa kope zote mbili. Ya kulia ikishuka, amri huongezwa, na kope ya kushoto, ambayo nayo imelegea kidogo, hubebwa na nyongeza hiyo bila mtu kujua. Rekebisha ya kulia, amri inapunguzwa, na ya kushoto inaporomoka. Mgonjwa anarudi akilalamika kwamba ameharibiwa jicho zima. Daktari makini huinyanyua kope mbovu kwa kidole kabla ya siku ya kisu, akatazama ya pili inafanya nini.

Kwa asiyetaka kisu, mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matone ya oksimetazolini ya asilimia 0.1 kwa tosisi ya watu wazima. Huuchochea ule msuli mdogo, na kope hupanda kidogo kwa saa kadhaa za siku. Hayaponyi. Kuna pia waya mdogo unaofungwa ndani ya fremu ya miwani kuishikilia kope, teknolojia ya bibi zetu, na kwa mzee ambaye moyo wake hauruhusu upasuaji bado una heshima yake.

Kuhusu kunyanyua nyusi sitakaa sana. Kovu huweza kupita juu ya unyusi wenyewe, kwenye mkunjo wa paji, au kujificha kwenye nywele za kichwa kwa kutumia kamera ndogo. Juu ya unyusi ndiko kunakonyanyua kwa uhakika zaidi, na ndiko kovu linakoonekana zaidi. Kwa ngozi nyeusi, omba kuonyeshwa picha za watu wenye ngozi kama yako. Botoksi, sindano ya kulegeza misuli, kwenye pembe ya nje huinua nyusi kidogo kwa miezi michache; ikichomwa vibaya, huilegeza kope yenyewe kwa wiki kadhaa, na unarudi ulikotoka ukiwa umelipia.

Kope ya chini

Juu, tatizo ni kuona. Chini, tatizo ni la sura zaidi. Na chini ni pagumu kuliko juu. Kope ya juu huvutwa na mvutano wa dunia kuelekea jicho, ya chini huvutwa kuliacha. Kosa dogo, na kope hugeuka nje kama mdomo uliosusa, machozi yakitiririka shavuni.

Njia ya kwanza hupitia ndani, kwenye utando mwekundu wa kope. Haigusi ngozi, haiachi kovu la nje, na inamfaa mwenye vifuko lakini ngozi yake bado imekaza. Ya pili hupita chini tu ya nywele za kope na huwezesha kupunguza ngozi. Katika zote mbili, badala ya kutupa mafuta, madaktari wengi sasa huyasogeza yaujaze ule mtaro ulio kati ya kope na shavu. Daktari anayesema atayatoa yote, mimi ningeaga taratibu.

Kabla ya hapo kope hupimwa nguvu: inavutwa kidogo mbele, inaachiwa. Nzima hurudi mara moja. Iliyolegea hurudi polepole, au husubiri upepese. Kope ya namna hiyo isipokazwa pembeni, kwa kuifunga upya kwenye mfupa wa upande wa sikio, itashuka baada ya upasuaji. Mwenye macho yaliyotokeza mbele kuliko mfupa wa shavu, na sisi wenye asili ya Afrika tuko wengi, naye yuko kwenye hatari hiyo na anahitaji daktari mwenye mkono wa tahadhari.

Weusi wa chini ya macho ni kesi nyingine kabisa. Ukiwa unatokana na kivuli cha kifuko, upasuaji utausaidia. Ukiwa ni rangi ya ngozi yenyewe, kisu hakina kazi. Jipime: tazama juu kwenye kioo huku taa ikikumulika usoni moja kwa moja, kivuli hutoweka, rangi hubaki. Wenye rangi ndio wanaouziwa kila kitu. Leza ya kaboni dayoksaidi (CO2), inayosifiwa Ulaya kwa kukaza ngozi ya kope, kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha madoa meusi kuliko yale uliyoyafuata. Krimu za kung'arisha zilizotiwa steroidi ni mbaya zaidi. Steroidi ikipakwa muda mrefu karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na glakoma, ugonjwa wa neva ya jicho unaoendana na presha hiyo, tayari inawaandama watu weusi kuliko wengine.

Na wenye glakoma wana siri yao. Matone kama latanoprosti, yanayotumiwa sana kushusha presha ya jicho, huweza kuifanya kope iwe nyeusi, nywele zake zirefuke, mafuta yapungue na jicho lionekane limezama. Ikiwa jicho moja tu ndilo linalotiwa dawa, uso unaweza kuonekana wa watu wawili. Usiache matone kwa ajili ya sura. Mweleze daktari, huenda kuna ya aina nyingine. Asiyeambiwa kuhusu matone hayo anaweza kupasua kitu ambacho kingerekebishwa kwa kubadilisha chupa.

Kujaza mtaro kwa sindano ya asidi ya hayaluroniki ni chaguo jingine, la haraka, na huweza kuyeyushwa kwa dawa usipolipenda. Hatari yake ni nadra lakini nzito: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha. Saluni hawana cha kufanya hilo likitokea.

Kope ambazo si za uzee

Tanzania, Kenya na jirani zao, upasuaji wa kope uliokwisha kuwafikia watu wa vijijini hauhusu hata kimoja cha hivi. Ni wa trakoma, ambayo Kiswahili kwa busara yake kimeiita vikope. Maambukizi ya utotoni yakijirudiarudia huacha makovu ndani ya kope, kope hujikunja, na nywele huchuna kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kongwa, mkoani Dodoma, imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huu kwa miongo. Upasuaji wake hugeuza ukingo wa kope utazame nje, na lengo ni kuzuia upofu. Kwa hiyo mama wa miaka 55 aliyekulia maeneo makavu, anayelalamika nywele zinamchoma jicho, asiambiwe kirahisi kwamba ni uzee. Ageuzwe kope itazamwe ndani.

Kuna na za dharura. Kope iliyoshuka ghafla, kwa saa au siku chache, pamoja na kuona viwiliviwili, au mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, au kichwa kinauma kuliko ulivyowahi kukijua: huyo haendi kliniki ya urembo, anakwenda hospitali kubwa usiku huohuo, maana huenda mshipa wa damu ubongoni umevimba. Kope iliyoshuka kidogo huku mboni ya upande huo ikiwa ndogo humfanya daktari apige picha ya kifua na shingo, kwa kuwa neva inayohusika hupita huko. Na kope inayoamka nzima ikalala imeshuka, leo ya kulia kesho ya kushoto, inaweza kuwa maistenia, ugonjwa wa kinga ya mwili unaochosha misuli. Kipimo chake cha kwanza ni cha ajabu kwa urahisi: barafu juu ya kope kwa dakika 2, na kope inapanda.

Macho yaliyovimba na kutokeza yanaweza pia kuwa ya ugonjwa wa tezi dundumio, ile ya shingoni. Hayo hutibiwa kwanza, na kope husubiri mpaka ugonjwa utulie miezi 6 au zaidi.

Siku ya kisu na baada yake

Mwenye macho makavu aseme, kwa sababu upasuaji huyakausha zaidi, angalau kwa muda. Mwenye sukari au presha ahakikishe vimetulia. Aspirini na warfarini, zinazozuia damu kuganda, hazisimamishwi kwa uamuzi wako mwenyewe. Anayezisimamisha ni daktari aliyekuandikia, akizungumza na atakayekupasua. Watu husahau kutaja vidonge vya kitunguu saumu, ginkgo na mafuta ya samaki wakidhani si dawa, na vyote hivyo vinaweza kuongeza utokaji wa damu.

Siku mbili za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, na mito miwili kitandani. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Uvimbe na wekundu uliovilia hupungua ndani ya wiki mbili, kwa hiyo usipange harusi ya mwanao wiki ya pili. Kuinama na kubeba vizito kunakatazwa siku za mwanzo. Anayeswali aulize mapema: kusujudu huteremsha damu kichwani, na wengi hushauriwa waswali wakiwa wamekaa kwa siku hizo, aulize na lini maji ya udhu yanaweza kugusa kidonda. Kovu kwenye ngozi nyeusi huwa jeusi kwanza, kisha hufifia kwa miezi. Keloidi, inayotutisha sana wenye ngozi yetu, ni nadra mno kwenye kope.

Tatizo la kuogopwa kweli ni damu kuvuja nyuma ya jicho. Ni nadra sana, hutokea zaidi ndani ya siku moja ya kwanza, na dalili zake ni maumivu makali yanayozidi, jicho linalosukumwa mbele, na kuona kunakofifia. Hapo hakuna kusubiri kesho. Nyuzi hufunguliwa na presha hupunguzwa kwa haraka, vinginevyo jicho hupotea. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, uliza: usiku nikipata maumivu, nampigia nani, na nani atapokea?

Swali hilo ni zito zaidi kwa anayekwenda kupasuliwa India au Dubai. Tiketi ya kurudi siku ya tatu ni rahisi, lakini nyuzi atatoa nani, na kope ikigoma kufumba utarudi kwa nani? Kama unasafiri, kaa huko mpaka nyuzi zitoke. Nyumbani nako wapo. CCBRT ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na hospitali ya Kikuyu nchini Kenya zina huduma za macho zinazojulikana, na zinafaa kuwa mahali pa kuanzia kuuliza. Anayetangaza mtandaoni mwangalie kwanza kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC kwa Kenya. Kope hupasuliwa na madaktari wa macho waliobobea humo na pia na wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Mimi ningemchagua anayeanza kwa kupima jicho, si anayeanza kwa kupiga picha.

Kuhusu malipo, bima kwa kawaida hutenganisha sura na kuona. Ndugu zetu walioko Marekani wanajua utaratibu wa Medicare, bima ya serikali ya wazee: picha, pamoja na kipimo cha upeo wa kuona kinachofanywa mara mbili, kope ikiwa ilivyo kisha ikiwa imenyanyuliwa kwa plasta. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo hoja yako. NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, nayo hailipii urembo ila inaweza kufikiria kope inayozuia kuona. Hata pasipo bima, kipimo hicho kina thamani: kinakuonyesha utapata nini hasa kwa fedha zako.

Shangazi alipima. Kope ya kulia ilikuwa milimita 1 tu kutoka katikati ya mboni, na daktari alipoinyanyua kwa kidole, ya kushoto ikashuka mbele ya macho yangu. Akafanyiwa kano zote mbili siku moja, na ngozi kidogo. Hakutaka zaidi. "Mwanangu, mimi sitafuti mchumba, natafuta kuona." Wiki ya tatu kidevu kilikuwa kimeshuka, na paji la uso limetulia kiasi kwamba wateja walimuuliza amebadilisha mafuta gani. Alikuta utando wa buibui kwenye pembe ya dari ya kibanda chake, akamfokea kijana wa kufagia. Uzi bado anautia kwenye sindano kwa miwani.